Dakika Moja Darajani

"Andika, 'aliugua kwa muda mfupi,'" alisema kaka mtu.

"Miaka miwili ndiyo muda mfupi?" aliuliza dada mtu, kalamu ikiwa juu juu.

"Kwa mzee wa miaka sabini na sita, ndiyo. Andika."

Walikuwa wamekaa chini sebuleni, kwa sababu viti vyote, mpaka kile kibovu cha jikoni, vilikuwa vimepelekwa uani kwa waombolezaji. Kaka alikuwa na lori la kubebea mchanga, na mtaa mzima ulimwita Tani Saba, jina ambalo mwanzoni lilikuwa la lori, likahamia kwa mwenyewe, lori lilipoanza kumnenepesha. Dada alikuwa mwalimu, na kwa kuwa alikuwa na mwandiko mzuri, alibebeshwa kazi ya kuandika wasifu wa baba yao utakaosomwa kesho kabla ya maziko. Mama yao alikuwa pembeni, ameegemea ukuta, miguu kainyoosha. Tangu juzi watu walikuwa wakimwita mjane, na kila alipolisikia neno hilo aligeuka kutazama anayeitwa ni nani.

Hadi hapo wasifu ulikuwa umekwenda bila shida, wala haukuhitaji kutiwa chumvi. Marehemu aliingia jeshini akiwa kijana, katika kikosi cha wahandisi. Alikwenda vitani, akarudi. Aliacha jeshi akiwa na cheo cha kapteni, akaajiriwa na idara ya barabara, na huko ndiko alikojenga daraja kubwa la mto, lile lile linalouunganisha mji na ng'ambo. Nyumbani, enzi hizo mke wake alipokuwa akifanya kazi za zamu kiwandani, yeye ndiye aliyekuwa akimsuka binti yake kabla ya shule, kwa mafundo aliyojifunza kwenye kamba za jeshi, yaliyokaza hata mtoto akashindwa kufumba macho vizuri. Hilo la nywele Mwalimu aliliandika bila kuambiwa na mtu. Alipolisoma kwa sauti alicheka, kisha akajifuta pua kwa kiganja.

"Mume mwema, baba mwema," Tani Saba aliendelea. "Halafu kuugua, halafu kufa. Basi. Watu watakuwa juani, hawataki hadithi ndefu."

Shida ilikuwa hiyo miaka miwili. Kwa miaka miwili Kapteni alikuwa akitoka asubuhi na koti lake la zamani la jeshi, anakwenda hadi kwenye mdomo wa daraja, anasimama katikati ya barabara na kunyoosha mikono. Malori yakisimama, anawaambia madereva wapunguze mzigo, au wazunguke njia ya juu, ambayo ni nusu siku nzima. Madereva walimcheka, wakamtukana, wengine wakamzoea na kumpa jina, Breki. Siku moja lori alilolikingia kifua lilikuwa la mwanawe mwenyewe, limejaa mchanga hadi kwenye mbao, na mwanawe yumo ndani. Yaliyosemwa pale mbele ya madereva wengine hakuna aliyeyarudia nyumbani, lakini tangu siku hiyo baba na mwana hawakukaa tena meza moja.

Uani mtu alisema, "Leo Breki naye kafungwa breki," na kicheko kikapanda, kikazimwa na wenye aibu zao.

Mwalimu alitupa kalamu akainuka.

"Kaa, mwanangu," mama yake alisema. "Kesho tunawahitaji hao hao wabebe viti."

Mwalimu akakaa. Akaandika, aliugua kwa muda mfupi, kwa herufi nzuri zilizolala upande mmoja.

*

Alasiri hiyo alikuja Sajini. Alikuwa chini ya Kapteni vitani, na tangu hapo hakuacha kumfuata, ila sasa alimfuata kwa kuja kumtembelea. Alikuwa mzee mfupi, mkakamavu, mwenye koti lililonuka dawa ya nondo na nishani tatu zilizogongana kila alipopumua. Alipiga magoti karibu na mjane, akampa mkono wa pole, kisha uso ukamchangamka kama mtu aliyeleta zawadi.

"Shemeji, mambo yamekaa sawa. Jeshi limetoa lori la kumbeba na askari kumi na wawili. Idara ya barabara imetoa mabasi mawili. Redio nao wanakuja. Sasa sikiliza. Makaburi si yako ng'ambo? Tukifika katikati ya daraja lake, msafara mzima unasimama. Injini zinazimwa. Dakika moja ya ukimya, juu ya kazi ya mikono yake."

Mjane alikunja miguu, akakaa wima.

"Msafara mzima?"

"Kichwa hadi mkia. Lori la jeshi, mabasi, magari ya wakubwa, na lori la mwanao nyuma na viti na turubai. Daraja ni refu, linatutosha sote. Hakuna mhandisi aliyewahi kuagwa hivyo."

"Sajini," alisema polepole, "huyu mtu alikuwa hataki hata lori moja lisimame pale."

Sajini alishusha sauti, akaiweka mahali pa kuongelea na wagonjwa. "Shemeji, hilo tulishaliongea. Ile ilikuwa vita inamrudia."

Ndivyo ilivyoelezwa, na maelezo yenyewe yalikuwa na kichwa na miguu. Huko vitani Kapteni, wakati huo luteni, aliamriwa kutandika daraja la muda juu ya mto. Alisema linahitaji hadi asubuhi. Akaambiwa hakuna asubuhi. Lori la kwanza lilipita, la pili likaingia mtoni na vijana waliokuwa ndani yake, na mto ukawachukua. Alimsimulia mkewe mara moja tu, wakiwa wachumba, kabla hajamwuliza kama atakubali kuolewa naye, kama mtu anayeonyesha ufa wa nyumba kabla ya kuipangisha. Kwa hiyo mzee kama huyo akianza kusimamisha malori darajani, nani atashindwa kuunganisha mambo? Daktari aliyaunganisha kwa muda usiotosha kuchemsha yai. Akaandika dawa za usingizi.

Lakini Kapteni naye alikuwa na maelezo yake. Wachimba mchanga, alisema, wameushusha mto. Maji yanakwenda kasi zaidi na yanakula udongo chini ya nguzo ya kati. Akiwa mezani alikuwa akichukua sahani yake na kuisogeza hadi nusu yake iwe hewani. "Inakaa, sivyo?" anamwuliza mkewe. "Haya, weka chakula." Naye alikuwa akimrudishia sahani katikati ya meza na kumwambia ale kabla hakijapoa. Alikuwa amechoka. Alikuwa amechoka kuwaombea radhi majirani, kumfuata kituo cha polisi, kusikia jina la Breki akiwa dukani. Aliamua kumwamini daktari kwa sababu daktari alikuwa na dawa, na ikafika siku akamfichia mume wake viatu. Kapteni alivitafuta chini ya kitanda, nyuma ya mlango, kila mahali, hakuuliza. Akatoka na kandambili.

"Ni kweli, tuliliongea," alimwambia Sajini, na Sajini akamshika bega akainuka kwenda kuwapanga askari wake.

*

Meneja wa barabara alikuwa amekaa chini ya turubai, kwenye kiti pekee chenye mto. Zamani alikuwa mwanagenzi wa Kapteni, akimshikia fimbo za kupimia, na hakuwahi kuficha kwamba kila anachokijua kilitoka kwa mzee huyo. Alipomwona mjane anakuja alisimama haraka, akampisha kiti. Mjane hakukaa.

"Baba, nikuulize jambo. Daraja lile, magari yote hayo yakisimama pamoja, kuna neno?"

"Hakuna neno, mama. Linakaguliwa kila mwaka."

"Wewe uliteremka chini ukaliangalia?"

"Kuna wakaguzi, mama. Ripoti zipo."

"Nimekuuliza wewe."

Meneja alitazama viatu vyake, vilivyopigwa rangi kwa ajili ya msiba. "Mzee alikuja ofisini mara nyingi," alisema. "Namheshimu kama baba. Kila alipokuja niliacha shughuli zote, nikampa kiti, nikampa chai."

"Chai alikuwa nayo nyumbani."

Maneno yalimwingia, akatazama huku na huku kuona nani amesikia. Akamsogelea. "Nitalifungaje, mama? Watoto wa ng'ambo watakwendaje shule? Wagonjwa? Soko? Mji utanila mbichi. Na kama mzee alikosea je? Maana watu wote wanasema alikuwa haumwi miguu, alikuwa anaumwa hapa." Hakukigusa kichwa chake, ila mkono ulianza safari hiyo, ukarudi.

Swali lenyewe lilikuwa la haki, na mjane hakusomea madaraja. Yeye alifunga maboksi kiwandani maisha yake yote. Alirudi ndani. Mlangoni alikutana na Tani Saba, aliyekwisha kupashwa habari, na kwenye misiba habari hukimbia kuliko mapanya.

"Mama, unamwuliza nini Meneja?"

"Nilitaka tusisimame pale darajani. Tupite tu, gari moja moja."

"Na wewe umeanza." Hakusema kwa ukali, na ndiyo maana iliuma zaidi. "Mama, nimevumilia. Madereva wangu wenyewe walikuwa wakinipigia honi wakiniita mwana wa Breki. Kesho nataka baba yangu azikwe kama kapteni. Siku moja tu, mama. Nakuomba."

Alimtazama mwanawe, mtu mzima mwenye tumbo na deni la usingizi machoni, akaona ni kweli anaomba. Akamwambia sawa.

*

Wasifu ulisomwa vizuri. Watu walicheka kwenye nywele, wakatikisa vichwa kwenye vita, na penye kuugua kwa muda mfupi hakuna aliyekohoa. Meneja alisema daraja ni alama isiyofutika. Sajini alipiga saluti, nishani zikagongana. Kisha jeneza likapakiwa kwenye lori la jeshi, bendera juu yake, na mjane akapandishwa mbele, katikati ya dereva na Sajini. Ngazi ilikuwa ndefu, ikabidi dereva amvute mkono na Sajini amsukume mgongoni huku akiomba radhi kila sukuma.

Walikwenda taratibu, taa zimewashwa mchana. Watu wa dukani walitoka kutazama. Kadiri mto ulivyokaribia ndivyo mjane alivyozidi kulisikia jeneza nyuma yake, jinsi lilivyoteleza kidogo kila penye shimo na kugonga mbao. Alijaribu kusali. Alichokiona mbele ya macho ni sahani, nusu yake ikiwa hewani.

"Sajini, mwambie asimamishe."

"Bado, shemeji. Katikati."

"Hapa hapa."

"Unajisikia vibaya?"

"Ndiyo. Miaka miwili sasa."

Sajini hakuelewa, na dereva hakuwa ameamriwa, kwa hiyo lori liliendelea. Mjane alijinyoosha juu ya mapaja ya Sajini akashika kitasa, mlango ukafunguka lori likiwa linatembea. Dereva alikanyaga breki kwa nguvu. Nyuma, basi la kwanza lilisita, la pili likasita, honi mbili tatu zikalia na kunyamaza kwa aibu. Mjane aliteremka kinyumenyume kama mtoto anayeshuka kitandani, akatembea hadi mbele ya lori, akasimama katikati ya barabara, kwenye mdomo wa daraja. Hakunyoosha mikono. Hakujua aifanye nini, akaishikiza kwenye ncha za mtandio wake.

Vichwa vilitoka madirishani. Tani Saba alikuja mbio kutoka mkiani mwa msafara, suti imembana kwapani.

"Mama, watu wanatutazama."

"Waache watazame."

"Tulikubaliana, mama."

"Tulikubaliana. Nimekukosea, mwanangu, utanisamehe." Akageuka kwa Sajini, ambaye sasa alikuwa ameshuka. "Mimi sisemi litaanguka. Sijui hata zege linachanganywaje. Ninalojua ni kwamba huyu mliyembeba alisema mzigo usisimame hapa. Alisema hivyo hadi akaitwa kichaa. Nanyi mnataka kumsimamisha hapo hapo, yeye mwenyewe akiwa ndio mzigo, na mabasi ya watu nyuma yake, halafu mnaiita heshima. Hapana. Atavuka mabegani. Mnaompenda mtavuka kwa miguu, na asiyetaka arudi, sitamlaumu."

Meneja alikuwa amefika, akasimama kando ya Tani Saba. Mtu wa redio alikiinua chombo chake, Mwalimu akamwendea akakishusha kwa mkono.

Sajini alikuwa anatazama mto. Ulikuwa na maji machache, ya kiangazi, rangi ya chai yenye maziwa. "Siku ile kule vitani," alisema, kwa sauti iliyomfikia mjane na dereva tu, "mwenye bendera ya kuruhusu malori nilikuwa mimi. Luteni alisema bado. Nilimsikia kwa masikio haya. Mkubwa akanitazama, nami nikapunga." Nishani zilipanda na kushuka. "Hakuniuliza hata siku moja, shemeji. Miaka yote hiyo nakuja kwenu, nakula kwenu, hakuniuliza."

Kisha akawageukia askari akatoa amri, na sauti yake ilikuwa imepata nguvu ya ujana. Jeneza lilishushwa, likapanda mabegani. Walipokanyaga daraja akasema, "Vunja hatua," kwa sababu askari hawaruhusiwi kwenda mguu sawa juu ya daraja, mtikiso wao unalichosha. Wakaenda ovyo ovyo, huyu mguu wa kulia, yule wa kushoto, kama watu watokao sokoni, na jeneza likayumbayumba juu yao. Haikupendeza hata kidogo. Watu waliteremka mabasini wakanung'unika wakafuata. Dada mmoja wa marehemu, mwenye miguu iliyovimba, alisema kwa sauti, "Hata akifa bado anatutembeza," na safari hii waliocheka walikuwa wanalia pia.

Daraja halikufanya lolote. Lilinyamaza chini ya miguu yao. Mabasi yalivuka nyuma matupu, moja moja, kisha lori la jeshi, kisha Tani Saba na viti vyake, na kila kitu kikafika ng'ambo salama. "Mbona limesimama tu?" mtu aliuliza. Mjane alisikia, na masikio yakamwaka moto. Dakika ya ukimya hakuna aliyeikumbuka.

*

Walimzika. Udongo wa ng'ambo ulikuwa mwepesi, wa kichanga, ukaingia upesi, na waliokuwa na haraka wakaona ni neema.

Kurudi, watu walipanda mabasi yao bila kuuliza, na mjane hakuwazuia. Nguvu zilikuwa zimemwishia. Yeye aliamua kurudi kwa miguu, na Mwalimu akawa naye. Tani Saba alimwachia dereva wake lori, akawafuata hatua chache nyuma, koti begani. Upande wa pili malori ya mchanga yaliyozuiliwa kwa ajili ya msafara yalikuwa yamepanga foleni, madereva wamechungulia, na walipomwona mjane, mmoja wao akapiga honi fupi, ya kejeli.

Hapo Tani Saba alishindwa. "Leo umetuvua nguo, mama. Mbele ya jeshi, mbele ya Meneja, mbele ya hawa ninaofanya nao kazi. Kwa ajili ya shimo ambalo hakuna aliyeliona."

"Mimi nililiona."

"Uliliona lini?"

"Mwaka jana. Alinibembeleza hadi nikateremka naye. Akanionyesha lilipo, chini ya nguzo ya kati, akaniambia niweke mkono kwenye nguzo, nisubiri lori lipite. Maji yalikuwa baridi, na nilikuwa nimeacha chungu motoni. Nikamwambia, nimekuamini, twende nyumbani." Alisimama ili apumue. "Hakuwa anataka nimwamini. Alitaka nishike. Ndicho kitu pekee alichoniomba miaka yote miwili, na ningeweza, na sikufanya."

Tani Saba alitazama chini, akatazama foleni. "Basi nionyeshe," alisema, na hasira ilikuwa bado imo. "Nionyeshe leo, tulizike na lenyewe."

Mwalimu alibaki juu na viatu vyao. Njia ya kuteremkia ilikuwa ya wachimba mchanga, pana, imekanyagwa ikawa ngumu, na Tani Saba aliishuka bila kutazama chini maana aliijua. Mama yake alimfuata akishika majani. Waliingia majini hadi magotini, nguo zikawaelea. Chini ya daraja palikuwa na kivuli na ubaridi, na sauti za juu zilifika zikiwa nzito kama zinatoka chumba kingine. Nguzo ya kati ilikuwa nene kuliko alivyoikumbuka. Alimwonyesha mwanawe mahali penyewe, upande maji yanakotokea, naye akainama, akaingiza mkono chini ya msingi akiutafuta udongo. Mkono ulizama hadi kwenye kiwiko, hadi begani, shavu likagusa maji. Hakuufikia udongo.

Alitoa mkono, akautazama. "Mashimo mtoni yapo kila mahali," alisema, lakini alikuwa amegeuka, anatazama vilima vya mchanga vilivyosubiri kubebwa hatua chache kutoka hapo, na makoleo yaliyochomekwa juu yake. Vilikuwa vyake. Vijana waliochimba hapo walikuwa wake, leo wamepewa ruhusa kwa ajili ya msiba.

"Weka mkono," mama yake alimwambia.

"Mama."

"Weka. Nami naweka."

Waliweka viganja kwenye zege, bega kwa bega. Lilikuwa baridi na lenye vipele, na kwa muda halikuwa chochote zaidi ya zege. Juu, mabasi ya msiba yalikwisha kuondoka, foleni ikaanza kusogea. Lori la kwanza likapanda darajani likiwa limejaa, na wao wakalisikia linakuja, mngurumo wa gia ndogo, mchanga ukichuruzika kwenye nyufa za mbao na kuanguka majini kama mvua ndogo. Likafika juu yao.

Nguzo ikasogea. Ulikuwa mwendo mdogo sana, kama wa mtu aliyelala anayejisogeza kumpisha mwenzake kitandani, na aliyekuwa barabarani asingeujua. Lori lilipopita, ikarudi mahali pake.

Mjane hakuwa na furaha ya kushinda. Alichokuwa nacho ni mume wake amesimama hapa peke yake, na kandambili, siku baada ya siku, akiisikia hii mkononi na kupanda juu kwenda kuchekwa. Machozi yalimtoka, akayaacha yashuke.

Tani Saba alikuwa ameondoa mkono haraka, kama aliyeungua. Akaurudisha. Lori la pili lilikuwa linapanda. Akasubiri, mdomo wazi, hadi lilipofika na kupita, na mama yake akaiona rangi ikimtoka usoni. Kisha akamwacha pale pale majini. Alikimbia, mtu mnene yule, akaanguka kwenye mchanga wake mwenyewe, akainuka, akapanda ukingo kwa mikono na magoti, suti imelowa hadi kifuani.

Mama yake hakuweza kumfuata kwa kasi ile. Alibaki ameshika nguzo, akisikiliza. Alisikia mngurumo wa lori la tatu ukikaribia daraja, alisikia breki zikilia kwa kirefu, kisha mlango ukifunguliwa na dereva akisema kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Bosi, ondoka barabarani. Na wewe nani kakutuma?"

"Baba," mwanawe alijibu.